"Moteri inachaji": neno linalotuacha gizani ziwani

Leo sileti habari ya mapigano. Leo nagombana na neno moja. Ni neno fupi, linasemwa kila siku kwenye bandari zetu za Ziwa Tanganyika, na wanaolisema hawaoni haya. Uliza mwenye boti kama batri yake ina nguvu ya kuwasha taa mpaka mwisho wa safari. Atajibu: "Usiogope, moteri inachaji." Uliza kapitene. "Moteri inachaji." Uliza kijana anayepanga mizigo, ambaye hajafungua kifuniko cha moteri hata siku moja. "Moteri inachaji, mama, panda."

Mama anapanda. Anapanda na watoto, na godoro, na sufuria, na ule mfuko wa makaratasi ya shule aliouokoa nyumbani. Anapanda kwa sababu hana njia ingine. Barabara ya taifa namba 5, ile ya kutoka Uvira kupita Baraka na Fizi hadi Kalemie, tunaijua sote: mashimo, madaraja yanayobebwa na maji wakati wa mvua, na vizuizi vya watu wenye silaha. Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi za Kivu ya Kusini ziliona ziwa ndilo barabara iliyobaki. Wengi wao hawajawahi kusafiri kwa maji. Hawajui cha kuuliza. Ndiyo maana jibu la uongo linawatosha.

Nasema ni uongo, na nitaeleza kwa nini. Sisemi wote wanaolitamka ni wabaya. Wengine walilisikia kwa wakubwa wao wa kazi na wakalirudia. Lakini uongo unaorudiwa kwa moyo safi unaua sawasawa na ule wa hila.

Tuanze na moteri yenyewe. Watu wengi wanadhani moteri ya boti ni kama moteri ya gari. Gari lina alterneta, mashine kamili ya kutengeneza umeme, inayotoa ampea 50 na zaidi. Moteri ya boti ndogo haina kitu hicho. Chini ya gurudumu lake zito la juu, lile linalozungushwa na kamba wakati wa kuwasha, kuna nyaya za shaba zilizokunjwa. Sumaku zinapita juu yake na umeme unatoka. Umeme huo ni kidogo. Kwenye moteri nyingi za nguvu ya farasi 25 au 40 zenye nyaya hizo, ni kama wati 60 mpaka 80, yaani ampea 5 au 6 hivi kwa batri ya volti 12. Na hizo zinatoka moteri ikikimbia. Ikienda polepole, kama pale boti inapotafuta nafasi bandarini au inapopambana na mawimbi, zinatoka ampea chache sana au hazitoki kabisa.

Jambo la pili: umeme unaotoka pale hauwezi kuingia kwenye batri jinsi ulivyo. Unakwenda na kurudi, na batri inataka umeme unaokwenda upande mmoja. Lazima kuwe na kipande cha kuugeuza, ambacho mafundi wetu wanakiita diodi. Na ili batri isichemke, lazima kuwe na regulateri inayopunguza umeme batri ikishiba. Sasa, moteri nyingi za kuwasha kwa kamba zinazofanya kazi kwenye pwani yetu zilinunuliwa bila vitu hivyo viwili. Nyingine hazina hata nyaya za kuchaji. Zina nyaya za kuwasha mshumaa wa moteri tu, basi. Kwa moteri ya namna hiyo, kusema "inachaji" ni kama kusema mbuzi dume anakamuliwa.

Haya. Tuseme mwenye boti ana bahati, moteri yake ina kila kitu. Tupige hesabu pamoja, hesabu ya shule ya msingi tu. Batri yake ni ya ampea-saa 70. Jana ilitumika hadi nusu. Inadaiwa 35. Lakini batri ya risasi na asidi hairudishi yote unayoipa, inakula kama sehemu moja ya tano njiani. Kwa hiyo inataka kama 42. Kwa ampea 5, hiyo ni zaidi ya saa 8 za moteri kukimbia bila kuwasha hata taa moja. Safari ya kutoka kijiji kimoja cha pwani kwenda kingine inachukua saa 2 au 3. Je, batri imejaa? Haijajaa. Kesho yake inaondoka ikiwa na deni, keshokutwa deni linaongezeka.

Na nani anasafiri bila kutumia? Weka projekta ya wati 20 mbele ya boti. Weka simu sita za abiria zinazochaji, wati 5 kila moja, hizo ni 30. Weka muziki wa kapitene, maana bila muziki eti safari haiendi, wati 50. Jumla ni 100. Moteri inatoa 60. Zile 40 zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye batri. Ni zaidi ya ampea 3 kila saa. Baada ya saa 3 batri imepoteza ampea-saa 10, na moteri ilikuwa inanguruma muda wote! Hapo ndipo neno "moteri inachaji" linapogeuka mzaha. Batri inaisha mbele ya macho ya watu, na kila mtu anasikia sauti ya moteri na kuamini inajaa.

Wenye boti za safari ndefu watanijibu: "Sisi tunakwenda Kalemie, karibu kilomita 200 kutoka Baraka. Moteri yetu inazunguka usiku mzima. Yetu inajaa." Ni kweli, wakati mwingine inajaa. Kisha inafanya nini? Kama hakuna regulateri, moteri inaendelea kusukuma umeme kwenye batri iliyoshiba. Batri inachemka. Maji yanapungua, sahani za risasi zinabaki wazi juu ya asidi na zinakufa. Ule moshi usioonekana unaotoka ni gesi ya hidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja. Na batri hiyo imekaa wapi? Nyuma, karibu na bidoni za esanse, karibu na kapitene anayevuta sigara. Kwa hiyo kwa safari fupi moteri inaipa njaa, kwa safari ndefu isiyo na regulateri inaivimbisha. Batri inakufa kwa namna mbili na mwenye boti analaumu dukani: "Batri za siku hizi ni feki." Zipo feki, sikatai. Lakini nyingi tuliziua wenyewe.

Kuna namna ya tatu ya kuziua, na hii wavuvi wanaifahamu vizuri. Mchana batri iko kwenye boti ya abiria. Jioni inatolewa na kupelekwa kwenye taa za kuvulia ndagala na mikeke. Taa hizo zinawaka hadi alfajiri, batri inakaushwa, kisha asubuhi inarudishwa kwenye boti ya abiria kama mtu aliyetoka zamu ya usiku na kuambiwa aanze zamu ya mchana. Na mara nyingi ni batri ya gari, iliyotengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha moteri. Sahani zake ni nyembamba. Ukiikausha kabisa mara kwa mara, haimalizi mwaka. Batri ya kazi ya taa, ambayo sahani zake ni nene, inavumilia zaidi, na hata hiyo haipendi kushuka chini ya nusu. Na zote mbili zina adui mmoja: kulazwa tupu. Batri ikikaa bila chaji siku kadhaa, unga mweupe unaganda juu ya sahani na haurudi tena kuwa umeme. Ndiyo maana batri iliyolala tupu wiki mbili unaipeleka kuchajiwa, inaonyesha imejaa baada ya saa moja, na usiku inazima baada ya dakika ishirini. Haikujaa. Tumbo lake limekuwa dogo.

Sasa mtu ataniuliza: bwana mwandishi, kwa nini unapiga kelele juu ya batri wakati watu wanakufa kwa boti kujaa kupita kiasi? Swali ni la haki. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama kwenye Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, mchana, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Makumi ya ndugu zetu walikufa. Batri haikuwa na kosa pale, na sitaitwika kosa lisilo lake. Lakini angalieni kilichofuata. Tulizungumza juu ya idadi ya abiria, tukazungumza juu ya jile za kuokoa, na ilikuwa lazima. Juu ya taa na nguvu ya kuiwasha, nani alisema neno? Boti isiyo na taa haionekani na boti ingine. Haioni mti unaoelea baada ya mito kufurika, haioni nyavu za wavuvi. Kapitene hawezi kuona maji yanayoingia chini ya mizigo. Moteri kubwa zinazowashwa kwa ufunguo zikizimika katikati ya mawimbi na batri haina kitu, hakuna anayeziwasha kwa haraka. Na simu za abiria zikizima zote kwa sababu ziliahidiwa kuchajiwa na batri iliyokufa, hakuna wa kupiga simu kuomba msaada. Uzito unazamisha boti. Giza linazuia watu kuokolewa.

Najua majibu yao, maana nimeyasikia mengi. Wacha niyachukue moja moja.

La kwanza: "Safari za usiku zimekatazwa, kwa hiyo taa si lazima." Jamani! Ni kweli zinakatazwa, na kila ajali amri inarudiwa. Lakini kila mkaaji wa pwani anajua boti zinaondoka saa kumi na moja jioni zikijua zitafika usiku. Boti iliyoondoka mchana nayo inaweza kuharibika njiani na kukutwa na giza. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, safari ya saa 3 inageuka saa 6. Amri ya kukataza usiku haiwashi taa.

La pili: "Tunazima taa kwa sababu ya usalama, watu wenye silaha watatuona." Hili silidharau. Wako watu walioponywa na giza, na wengine wananisoma sasa. Lakini kuzima taa kwa hiari na kukosa taa ni mambo mawili. Mwenye batri iliyojaa anachagua. Anazima akiona hatari, anawasha akisikia moteri ya boti ingine inakuja upande wake. Mwenye batri tupu hachagui kitu. Na wengine, tuseme wazi, hawamkwepi mwenye silaha. Wanakwepa kodi ya bandari inayofuata. Wanaficha boti ya watu themanini ili kuokoa franka za mtu mmoja.

La tatu: "Kila abiria ana simu, simu ina tochi." Tochi ya simu inamulika miguu yako. Haimwonyeshi kapitene wa boti inayokuja kwa kasi kama wewe unakwenda au unakuja. Kanuni za majini za dunia nzima ni rahisi: taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe inayoonekana kwa mbali. Hata mtumbwi wa kasia unatakiwa kuwa na taa tayari mkononi ya kuonyesha kwa wakati. Leo taa hizo za LED zinakula wati chache tu kila moja. Batri ikitunzwa zinawaka usiku mzima bila shida. Kinachozimaliza nguvu ni muziki, si taa.

La nne, ndilo kubwa: "Batri ni ghali, na abiria wanalipa kidogo." Ndugu mwenye boti, hapa ndipo hesabu yako inakushitaki. Batri inayotunzwa inaweza kukufanyia kazi miaka mitatu. Ile unayoiua kila baada ya miezi sita, utainunua mara sita kwa muda uleule. Anayepata hasara hapo ni nani? Unasema huna pesa ya kuitunza, lakini pesa ya kuizika unayo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi tufanye nini? Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Kazi hii si ya injinia kutoka Kinshasa, ni kazi ya mikono na ya macho, na fundi yeyote wa bandari anaiweza.

Kwanza, batri ijazwe nchi kavu. Kwa kuendesha taa, moteri iwe msaada wa njiani, isiwe chanzo cha kutegemewa. Pano ya jua ya wati 100 ikipata jua kali inatoa kama ampea 5, sawa na moteri inayokimbia, na haiombi esanse. Siku ya jua zuri inaweza kurudisha kama ampea-saa 25. Ile batri yetu ya mfano, iliyotumika nusu, inajaa kwa siku mbili. Wakati wa mvua itachukua zaidi, kwa hiyo batri mbili za kupokezana ni bora kuliko moja inayofanya zamu mbili. Pano lazima ipitie kwenye regulateri yake. Anayefunga pano moja kwa moja kwenye batri kwa sababu regulateri ni ghali, atailipa batri. Na wale wenye nyumba za kuchajisha, ninyi pia msikilize: batri haishibi kwa saa mbili kwa sababu mteja ana haraka. Mkiipa umeme mkali ili muipokee ingine, mnaichemsha.

Pili, ipimwe. Kipimo cha volti cha kawaida, kile cha mafundi wa redio, kinatosha. Acha batri ipumzike saa chache bila kuchaji na bila kutumika, kisha pima. Ikionyesha volti 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 umeshapita mpaka. Kisha washa moteri, ikimbie, pima tena kwenye batri. Ukiona kati ya 14 na 14.5, moteri kweli inachaji. Ukiona namba ileile ya mwanzo, haichaji, na ile hadithi iishe siku hiyo. Ukiona zaidi ya 15, inachemsha, tafuta regulateri. Dakika tano tu. Hakuna sababu ya kubishana kwa maneno kitu ambacho sindano inaonyesha.

Tatu, maji. Kwa batri zenye vifuniko vya kufunguliwa, angalia kila wiki mbili. Sahani zifunikwe. Ongeza maji safi ya batri yaliyochujwa kwa mvuke. Usiongeze maji ya ziwa wala ya bomba, yana chumvi zinazoharibu sahani. Usiongeze asidi, maana asidi haikupungua, yaliyopungua ni maji. Dukani uliza vizuri, kwa sababu chupa ya asidi na chupa ya maji wengine wanaziita zote "maji ya batri". Jaza mpaka juu baada ya kuchaji, si kabla, ama asidi itamwagika juu ya mbao na miguu ya watoto.

Nne, vichwa na nyaya. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya batri unazuia umeme kupita, kuingia na kutoka. Sugua kwa brashi ya waya na maji ya moto, kausha, kaza, paka grisi. Weka fyuzi karibu na batri, siyo waya mtupu uliofungwa kwa mfuko wa plastiki. Usigeuze waya wa plus na wa minus hata kwa sekunde moja, diodi ya moteri inaungua palepale. Na usichomoe batri moteri ikiwa inazunguka, utaiunguza vilevile.

Tano, mahali pake. Batri ikae kwenye sanduku la mbao au plastiki lililofungwa kwa kamba, lenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya maji ya ndani ya boti, mbali na bidoni za esanse, mbali na babula ya kupikia, mbali na mahali pa kukaa mama na mtoto. Batri iliyopinduka kwenye wimbi ni asidi miguuni mwa abiria.

Sita, ikifa, isivunjwe uani. Naona vijana wanavunja batri kuukuu na kuyeyusha risasi yake kwa ajili ya uzito wa nyavu. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia kwenye damu ya watoto na kuharibu ubongo wao. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kwa sababu ya risasi ya batri iliyokuwa inachambuliwa mtaani. Kwenye kambi zetu, ambapo mahema yanagusana, tunataka jambo hilo litufikie? Kila batri tunayoiua kabla ya wakati wake ni sumu moja zaidi inayotafuta mahali pa kutupwa.

Sasa nizungumze na wale wanaokaa kwenye meza za bandari. Mnaandika majina ya abiria, na ni vizuri. Mnapokea kodi, mnapiga muhuri, mnaangalia karatasi za boti. Nimesimama kwenye bandari moja ya pwani hii jioni, nikahesabu makaratasi manne ambayo kapitene aliombwa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia: washa taa tuone. Kazi ya sekunde tatu. Haitaki bajeti, haitaki semina. Karatasi halimuliki ziwa. Kama boti haiwezi kuwasha taa ikiwa imefungwa bandarini, itawasha vipi katikati ya maji? Wekeni sheria ndogo, hapa hapa, bila kusubiri amri kutoka juu: hakuna muhuri bila taa kuwashwa, na kipimo cha volti kiwe mezani karibu na daftari. Anayepokea pesa ya mlango anadaiwa kuangalia kile kinachopita mlangoni.

Na ninyi kapitene zetu, sina ugomvi na kazi yenu. Ninyi ndio mliobeba watu wakati barabara ilifungwa, na wengi wenu mlibeba bila malipo. Najua mara nyingi batri si mali yenu, ni ya mwenye boti ambaye analala kwake mjini. Lakini anayekuwa majini wakati taa inazima ni wewe, siyo yeye. Una haki ya kukataa kuondoka. Ukikataa peke yako utafukuzwa. Mkikataa wote wa bandari moja kwa siku moja, batri mpya itapatikana kabla ya jua kuzama.

Mwisho, kwenu familia zilizohama. Mtu aliyekimbia anajisikia kama mgeni anayeomba, anaogopa kuuliza asije akaachwa. Mama, wewe huombi. Umelipa, hata kama uliuza kitambaa chako cha mwisho ili kulipa. Kuna mambo matatu ya kuomba kabla pesa haijatoka mkononi. Mwambie awashe taa ya mbele, na iwake bila moteri kuwashwa, maana hapo ndipo batri inajibu yenyewe. Mwambie akuonyeshe batri iko wapi, uone kama imefungwa na kama bidoni za esanse ziko mbali. Muulize ilichajiwa wapi mara ya mwisho, na lini. Akisema "moteri inachaji", mwambie: "Sawa baba, nimesikia moteri. Sasa nionyeshe taa." Taa ikififia na kuwa nyekundu kama kaa la makala, batri imeisha, hata kama muziki bado unalia. Shuka, ngoja boti ingine. Waambie na wenzako. Watu kumi wakishuka, mwenye boti atasikia haraka kuliko akisikiliza redio yetu mwaka mzima.

Tumekubali mambo mengi kwa sababu ya vita. Tumekubali kulala chini ya hema, kusoma chini ya mti, kupanga foleni ya maji tangu alfajiri. Hayo hayakutegemea sisi. Hili linatutegemea. Hakuna jeshi lililokuja kuchomoa waya wa batri, hakuna vita vilivyokausha maji ndani yake. Ni sisi tuliozoea kusafiri gizani na kuambiana ni mwanga.

Mwandishi wenu wa redio, Baraka, Kivu ya Kusini.